Akili mnemba haitaijua mvua ya Elgon bila kipimamvua

Tarehe 25 Februari 2025 kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilianza kutumia rasmi modeli ya akili mnemba iitwayo AIFS, sambamba na modeli yake ya miaka yote inayokokotoa fizikia ya anga. Kabla ya hapo, mwaka 2023, watafiti wa Google DeepMind walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa modeli yao ya GraphCast kwamba mashine moja inaweza kutoa utabiri wa siku 10 wa dunia nzima kwa muda usiofika dakika moja. Tangu hapo imeshika kasi hoja kwamba nchi kama Uganda hazina tena haja ya kuhangaika na vituo vya kupima mvua, rada na zamu za watabiri. Kompyuta imeshajifunza, matokeo yanapatikana bure, kilichobaki ni kuyafikisha kwenye simu. Na hoja hii huonekana tamu zaidi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwa kuwa wengi tunaihesabu kuwa kiangazi, wakati ambapo jua ni lilelile kila siku na utabiri ni kazi nyepesi.

Hoja hiyo inatafuta tatizo mahali ambapo halipo. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria na kwenye miteremko ya Elgon na Rwenzori, hali ya hewa ya siku moja huamuliwa na mambo madogo kuliko mraba wa modeli, yaani kipande cha ardhi ambacho modeli inakihesabu kuwa kitu kimoja, na mafupi kuliko siku: upepo unaogeuka kati ya usiku na mchana, bonde moja linalopata mvua huku la pili likiwa na jua, udongo uliolowa tangu juzi. Akili mnemba imejifunza kutoka kwenye kumbukumbu ambamo mambo hayo karibu hayamo. Itatusaidia kujua ni wiki gani tuwe macho. Ni saa ngapi na ni bonde lipi, hilo bado litajulikana kwa kipimamvua, kwa picha ya setilaiti ya dakika chache zilizopita, na kwa mtu mwenye jukumu la kufikisha ujumbe mwaloni kabla mashua hazijatoka.

Tuanze na neno kiangazi lenyewe, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Kwa mtu wa Kampala, Masaka au Mbarara, Juni hadi Agosti ni kiangazi kweli. Ukanda wa mvua umelifuata jua kaskazini, na pepo za kusini-mashariki zinaleta hewa iliyopungukiwa unyevu. Lakini mvua iliyohama Kampala haikupotea. Iko Acholi, Lango, Teso, Karamoja na kwenye miteremko ya Elgon, ambako msimu unaoanza Machi au Aprili huendelea hadi Oktoba na zaidi, ukilegea kidogo tu katikati. Maporomoko ya ardhi ya Bududa, wilaya ya miteremko ya Elgon, ya tarehe 25 Juni 2012 yalitokea ndani ya miezi hiyo tunayoiita kiangazi. Mafuriko ya Mbale, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, yalitokea ndani ya miezi hiyohiyo. Anayesema kiangazi hakihitaji utabiri wa kila siku anazungumzia uwanja wa nyumba yake mwenyewe.

Ziwani nako kiangazi hakimaanishi utulivu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 tu, na maji yake ya juu hubaki kwenye nyuzi joto 24 hadi 26 mwaka mzima. Usiku nchi kavu inapoa, maji hayapoi. Hewa baridi inateremka kutoka nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Uganda kuelekea ziwani kutoka pande zote, inakutana katikati, na kwa kuwa haina pa kwenda ila juu, baada ya usiku wa manane mawingu ya radi yanaanza kuota. Kilele chake ni kati ya saa tisa usiku na saa tatu asubuhi. Pepo za mashariki huyasukuma magharibi na kaskazini-magharibi, ndiyo maana visiwa vya Kalangala na pwani ya Masaka huamshwa na ngurumo mara nyingi. Kufikia saa nne au saa tano asubuhi mambo yamegeuka. Nchi kavu imepata joto, upepo sasa unatoka ziwani, na pale unapokutana na hewa ya bara, kilomita chache au makumi kadhaa kutoka ufukweni, ndipo mvua ya alasiri ya Kampala, Mukono na Lugazi inapozaliwa.

Kati ya Juni na Agosti mtambo huu hauzimiki, unabadili tabia. Radi zinapungua, lakini upepo wa kusini-mashariki unapata nguvu, nao una zaidi ya kilomita 200 za maji matupu ya kukuzia mawimbi kabla haujafika mialo ya kaskazini ya Katosi au Kiyindi. Ndio upepo unaolikoroga ziwa kutoka juu hadi chini katika miezi ya Juni na Julai. Kuna hatari nyingine isiyosemwa vya kutosha. Hewa ya chini inapokuwa kavu, matone ya mvua hugeuka mvuke yakiwa bado njiani. Mgeuko huo unaipoza hewa, hewa iliyopoa ni nzito, inaporomoka na kutawanyika juu ya maji kwa kasi. Upepo wa namna hii huitangulia mvua, wakati mwingine kwa dakika 10 au 20, na wakati mwingine mvua yenyewe haifiki kabisa. Mvuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwani, aliyewasha taa katikati ya giza, akisema atarudi akiona mvua, anaangalia ishara isiyo yake.

Mlimani saa zinapinduka. Jua linapasha miteremko tangu asubuhi, hewa inapanda, saa sita mchana Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya Elgon, kimeshafunikwa, na mvua inashuka kuanzia saa nane hadi jioni, ikiendelea mpaka usiku katika siku mbaya. Siku hizo mbaya zina asili inayojulikana: hewa nyevu ya magharibi kutoka bonde la Kongo inapoivuka Uganda na kugota kwenye Elgon. Hata hivyo ardhi haiporomoki kwa sababu ya mvua ya leo peke yake. Udongo wa Bududa una mfinyanzi mwingi. Unakunywa maji siku kadhaa, unakuwa mzito, mshiko wake na mwamba wa chini unalegea, kisha mvua ya kawaida tu inaumalizia. Milimita 40 juu ya udongo mkavu ni baraka kwa kahawa. Milimita 40 zilezile baada ya siku tano za mvua ni sababu ya kuhamisha familia zilizojenga kwenye mkunjo wa mteremko. Utabiri wa mlimani, basi, una nusu mbili: kinachokuja, na kilichokwisha kunyesha. Nusu ya pili haitabiriwi, inapimwa.

Sasa tuiweke modeli juu ya ardhi hii. GraphCast inaigawa dunia katika miraba yenye upande wa kilomita karibu 28, na AIFS ilianza na ukubwa unaokaribiana na huo. Kutoka mji wa Mbale, ulio kwenye mita kama 1,140, hadi Wagagai kwenye mita 4,321, ni kilomita zipatazo 40. Kutoka Kasese hadi kilele cha Margherita cha Rwenzori, mita 5,109, ni chini ya hapo. Maana yake, tambarare ya joto, mashamba ya migomba, msitu, na kilele chenye barafu vyote vinaingia katika mraba mmoja au miwili, na kila mraba unapewa kimo kimoja cha wastani. Modeli hizi pia zinasonga mbele kwa hatua za saa 6, ilhali upepo wa ziwa unageuka na kuleta mvua ndani ya muda mfupi kuliko huo. Halafu liko suala la darasa zilikosomea. Zimefunzwa kwa kumbukumbu ya ERA5, ambayo ni mchanganyiko wa vipimo vya anga na mahesabu ya modeli ya zamani. Kwa upande wetu wa dunia, mvua iliyoandikwa humo haikusomwa kwenye kipimamvua cha Bududa wala cha Kilembe, chini ya Rwenzori. Ni mvua iliyokokotolewa na modeli hiyo. Mwanafunzi amenakili daftari la mwenzake, na mwenzake hakuwahi kupanda Elgon.

Haki yake tuipe, maana ni kubwa. Kwa mifumo mipana ya upepo na mgandamizo wa hewa, siku ya tatu hadi ya kumi, modeli hizi zimezishinda za zamani katika vipimo vingi, na gharama yake ya kuziendesha ni ndogo mno. Nchi isiyo na kompyuta kubwa ya mamilioni ya dola inaweza kuendesha utabiri wake yenyewe, na hilo halikuwahi kuwezekana. Kwetu faida iko wazi: modeli inaweza kutuambia kwamba kuanzia Alhamisi hewa ya magharibi itavuka kutoka Kongo, au kwamba mwishoni mwa wiki upepo wa kusini-mashariki utaongezeka ziwani. Kasoro nyingine, ile ya kulainisha mvua kubwa kwa kuwa modeli imefunzwa kupunguza kosa la wastani, inafanyiwa kazi, na mkusanyiko wa AIFS wenye matokeo mengi kwa pamoja, ulioanza kutumika Julai 2025, umeipunguza. Kwa hiyo sipingi zana hii. Napinga kuipa kazi ya mwingine, halafu fedha za yule mwingine zikakatwa.

Msomaji mwenye simu anaweza kuiona tofauti hii mwenyewe. Programu nyingi huonyesha mji na kialama cha wingu chenye asilimia 40. Asilimia hiyo haisemi kwamba asilimia 40 ya mji italowa, wala kwamba mvua itanyesha kwa saa kadhaa. Inasema kwamba katika siku 10 zenye hali kama hii, siku 4 mahali hapo hupata mvua ya kupimika, hata kama ni manyunyu. Kialama hakitaji saa, na saa ndiyo kila kitu kwetu. Anayeanika robusta Masaka mwezi wa Julai anahitaji kujua kama mvua ni ya alfajiri, kahawa ikiwa bado chini ya turubai, au ya saa tisa alasiri ikiwa imetandazwa. Joto nalo lisomwe kwa uangalifu. Ikiwa mraba wa modeli una kimo cha wastani cha mita 2,000 na mji wako uko mita 1,140, tofauti ni mita 860, na kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi kama 6.5 kila mita 1,000, simu itakupunguzia nyuzi joto tano hadi sita zisizo za kweli. Kwa wapandaji wa Rwenzori, ambao Juni hadi Agosti ni msimu wao mmojawapo mkuu, kosa ni la upande wa pili: chini ya kilele simu inaahidi mvua, huku juu ya mita 4,500 au karibu na hapo inaanguka theluji.

Ni nini, basi, kinachoijaza nafasi hiyo? Kwa sehemu ni modeli za fizikia zenye miraba midogo. Mradi wa HIGHWAY wa Ziwa Victoria, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kati ya 2017 na 2021, ulitumia modeli ya Uingereza yenye miraba ya kilomita 4.4, inayoweza kuona wingu la radi likikua badala ya kulikisia. Lakini sehemu kubwa zaidi ni vipimo, na hapa mambo huharibika kwa njia ndogondogo zisizopigiwa kelele. Kipimamvua kinatakiwa kusimama wima, mbali na mti au paa kwa angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho, na kusomwa kila siku saa tatu asubuhi, hata siku ambayo hakuna mvua, kwa sababu sifuri iliyoandikwa si sawa na nafasi iliyoachwa wazi. Kikiwekwa chini ya mgomba, hupima matone ya jani. Kile cha kujiendesha chenye vikombe vinavyopinduka, kila pinduko likiwa milimita 0.2, hupunguza hesabu mvua inapokuwa kali, kwa kuwa maji hupita wakati kikombe kinapinduka, na ndiyo mvua tunayoihitaji kuliko zote. Nyigu hujenga ndani ya mdomo wake. Majani huziba tundu, na kituo huripoti jua siku tatu wakati mto umejaa. Paneli ya sola huibiwa. Kadi ya simu inayotuma vipimo huishiwa salio, na kituo kizima cha thamani kubwa kinakuwa kimya kwa kukosa shilingi elfu chache. Hakuna modeli inayotibu hayo. Yanatibiwa na fundi mwenye pikipiki, ufunguo na ratiba ya kila mwezi.

Rada nazo zina mipaka ya kijiometri ambayo hakuna awezaye kuifuta kwa ahadi. Mwale wake unakwenda karibu moja kwa moja huku dunia ikijipinda chini yake. Ukiinuliwa nusu digrii, kwenye umbali wa kilomita 100 unapita kiasi cha kilomita 1.5 juu ya kimo cha rada, na kwenye kilomita 200 unapita kilomita 4 juu. Rada ya Mwanza, upande wa Tanzania, inaona vizuri kusini mwa ziwa, lakini kufika Entebbe, kilomita zinazokaribia 290, mwale wake umekwisha kuwa zaidi ya kilomita 7 juu, na upepo unaopindua mashua uko mita 10 juu ya maji. Na mlima unaukata mwale kabisa, ukiacha kivuli nyuma yake. Pengo hilo linazibwa na setilaiti. Meteosat ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022, hutuma picha kila dakika 10 na ina kifaa cha kunasa radi kinacholifunika bara letu. Hii kwa maoni yangu ni zana ya maana kwa Uganda kuliko modeli yoyote mpya, nayo inazungumzwa kidogo mno.

Wapo wanaosema hata hayo yote ni bure, kwamba mvua ya tropiki ni ya bahati na hakuna awezaye kuitabiri saa kadhaa mbele. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Mwaka 2017 mtafiti Wim Thiery na wenzake walionyesha kwamba ukali wa radi za usiku juu ya Ziwa Victoria unaweza kutabiriwa kwa kiasi kizuri kwa kuangalia mawingu makubwa yaliyoota juu ya nchi kavu alasiri iliyotangulia. Yaani saa kumi na moja jioni, mashua zikiwa bado mchangani, sehemu ya jibu tayari iko angani na setilaiti inaiona. Hoja ya wazee wa mialo wanaosoma anga kwa macho ina uzito zaidi, maana wanayasoma mawingu hayohayo. Wanachokosa ni kuona yaliyo nyuma ya upeo, upande wa Kenya.

Uzito mkubwa kuliko wote unao pingamizi la wale wanaosema mvuvi hatasikiliza. Amekopa petroli, giza la mwezi ni siku chache, watoto wanasubiri ada. Ni kweli kabisa. Lakini tahadhari si lazima iwe ya kwenda au kutokwenda. Taarifa ikisema upepo mkali unatarajiwa kati ya saa nane na saa kumi na mbili usiku, upande wa Kalangala mashariki, na mawimbi ya mita moja na nusu, mtu anaweza kutoka mapema na kurudi kabla ya saa saba, kuvua nyuma ya kisiwa, kupunguza mzigo, au kuvaa jaketi la kujiokoa badala ya kulikalia. Taarifa inayosema "ngurumo zinatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa ziwa" haimpi lolote la kufanya, na siku ya tatu anaacha kuisikiliza. Na isomwe kwa lugha ya mwaloni. Mamlaka ya hali ya hewa hutafsiri utabiri wa msimu katika lugha nyingi za nchi, jambo zuri, ila utabiri wa kila siku ndio unaookoa mtu usiku wa leo. Kwenye mialo ambako Mganda, Msamia, Mkongomani na Mjaluo wanavuta kamba moja, Kiswahili, ambacho katiba yetu inakitambua tangu 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, ndicho kinachosikika na wote kwenye redio moja.

Fedha zinazoelekezwa kwenye utabiri zidaiwe hesabu kwa njia ambayo raia anaielewa. Kwa kila kanda ya ziwa na kila wilaya ya mlimani, mwisho wa mwezi ziwekwe wazi namba nne: siku ambazo tahadhari ilitolewa na tukio likatokea, siku ambazo ilitolewa bila tukio, siku ambazo tukio lilitokea bila tahadhari, na siku tulivu zilizotabiriwa tulivu. Modeli mpya ikija, iwekwe kwenye mizani hiyohiyo kwa msimu mzima, kando ya mtabiri wa Entebbe na kando ya modeli ya kilomita 4.4, ipimwe kwa vipimamvua vya hapa na si kwa wastani wa dunia. Bila vipimamvua hivyo hata mizani yenyewe haipo.

Tuseme modeli imetaja tangu Jumatatu kwamba hewa ya magharibi itafika Elgon Alhamisi. Alhamisi hiyo saa tatu asubuhi msomaji wa kipimamvua huko Bulucheke, wilayani Bududa, anakuta milimita 55, na daftari lake lina 38 za jana na 41 za juzi. Mawingu ya alasiri yatafungua maji yake kuanzia saa nane. Namba zile tatu zikifika wilayani saa tatu na robo, wenyekiti wa vijiji vya mteremkoni wana karibu saa tano za mchana wa kuwahamisha watu wakiona njia.